Tawi, Lebo na Shairi Lililopotea

Ikiwa ulilisoma jarida letu la mwaka jana, huenda ulifika ukurasa wa 31 ukaliona shairi la beti saba ambamo mtunzi anamsifu nyanya yake anayepalilia mihogo. Pengine ulilipenda, pengine ulilipita tu. Shairi hilo nusura lisiwepo. Aliyelipoteza ni mimi, na nililipoteza mbele ya tarakilishi nzima isiyo na virusi wala kasoro, umeme ukiwepo, nami nikiwa na akili zangu timamu.

Nianze mwanzo. Wanachama wa zamani hawajasahau jinsi jarida lilivyokuwa likiandaliwa. Kila mhariri alikuwa na flashi yake mfukoni, na ndani yake faili iliyoitwa jarida_mwisho. Kesho yake ikazaliwa jarida_mwisho_kabisa. Juma lililofuata ikaja jarida_mwisho_hasa, kisha ile ya katibu wetu, Mungu amweke, iliyoitwa jarida_mwisho_wallahi. Mwaka mmoja mchapishaji alipelekewa ile ya "kabisa" badala ya ile ya "wallahi", na insha mbili zilizokwisha kusahihishwa zikatoka na makosa yao yote, kama sahani iliyorudishwa kabatini bila kuoshwa. Wenye insha walitununia muhula mzima, na haki walikuwa nayo.

Ndipo mwalimu wetu wa somo la tarakilishi akatuletea Git. Hii ni programu ya kutunza historia ya maandishi. Ilianzwa mwezi wa Aprili 2005 na Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha Linux, baada ya yeye na wenzake kuondolewa ruhusa ya kutumia bure programu nyingine iliyoitwa BitKeeper. Ilikusudiwa waandishi wa programu, lakini Git haibagui. Mradi ni maandishi, yawe ya programu au ya utenzi, itayatunza. Lililotufaa zaidi sisi ni kwamba haihitaji intaneti ili ifanye kazi, kwa kuwa historia yote hukaa ndani ya kila mashine. Nanyi mnaijua intaneti ya maabara yetu. Huja kama shemeji wa mbali, siku za sherehe tu.

Unapoandika ukaridhika, unaiambia Git ipige picha ya kazi nzima ilivyo saa hiyo. Picha hiyo huitwa komiti (usiichanganye na kamati ya harambee). Kila komiti hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 40, na kila komiti humjua mzazi wake, yaani komiti iliyoitangulia. Ya leo imeishika mkono ya jana, ya jana imeishika ya juzi, hivyo hivyo hadi ile ya kwanza. Sasa ni nani awezaye kukariri herufi 40? Ndiyo maana kuna majina, na majina yenyewe ni ya aina mbili: matawi na lebo. Hapo ndipo nilipokorogeka.

Mimi nilisikia "tawi" nikauona mwembe. Nikadhani tawi ni kitu kikubwa kilichobeba kurasa kama majani, na lebo ni kikaratasi kilichogandishwa juu yake, kama bei ya soksi sokoni. Nikaamini kuwa kwenda kwenye lebo na kwenda kwenye tawi ni mamoja, ili mradi nimefika na maandishi nayaona mbele yangu. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa mhariri, na mhariri hapendi kuonekana hajui.

Tawi letu kuu tuliliita shina. Rasimu ilipokamilika, muhula wa pili, tuliipa lebo ya rasimu-1, tukaichapa kwenye karatasi, tukampelekea mlezi wa chama. Mlezi alikaa nayo siku tisa. Iliporudi ilikuwa nyekundu kuliko nyeupe. Kwenye insha yangu mwenyewe palikuwa na alama ya kuuliza kubwa kama ndoana, na chini yake maneno, "Unamaanisha nini hapa?" Hadi leo sijui nilimaanisha nini.

Katika siku hizo tisa sisi hatukuwa tumelala. Shina lilikuwa limeendelea mbele, kurasa zimehama, vichwa vimebadilishwa. Nikaona njia rahisi ni kurudi kwenye maandishi yaleyale aliyoyasahihisha Mwalimu, nifuate wino wake mstari kwa mstari. Nikaandika git checkout rasimu-1. Skrini ikanijibu kwa aya nzima ya Kiingereza. Nami, mwanachama mwaminifu wa Chama cha Kiswahili, nikaipuuza.

Nilifanya kazi hiyo jioni tatu mfululizo, saa za maandalio. Jioni ya pili alinijia mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu, mtu mpole asiye na makuu, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza chamani hata mara moja. Karo ilikuwa imemshinda baba yake. Kesho yake alikuwa anarudi nyumbani, na hakuna aliyemwambia angerudi lini.

"Bado mnachukua mashairi?" akaniuliza.

"Tarehe imepita, lakini wewe lete tu."

Akatoa karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, imekunjwa mara nne. "Sina ingine. Usinipotezee, bana."

"Ah, wewe nawe! Siku hizi tuko na Git. Haipotezi kitu."

Alinitazama kidogo, akaenda zake. Nililichapa shairi usiku uleule, beti zote saba, nikapiga komiti. Karatasi niliiacha juu ya meza. Asubuhi wa zamu wakaja wakafagia maabara, nao walifagia vizuri.

Jioni ya tatu kengele ya chajio ilinikuta nimetia sahihisho la mwisho. Nikaandika git checkout shina, ili kesho yake niunganishe kazi yangu na ya wenzangu. Skrini ikaandika aya nyingine ya Kiingereza. Niliona tarakimu 5 mahali fulani ndani yake, lakini siku hiyo ilikuwa ya ndengu na chapati, na anayechelewa hula ndengu tupu. Nikazima mashine nikatimua mbio.

Jumamosi asubuhi nilifungua shina nikiwa na kikombe cha uji mkononi. Hamadi! Makosa yote yalikuwa palepale. Ukurasa wa shairi haukuwepo. Nikasema labda niko mahali pasipo. Nikaandika git branch ili nione matawi yaliyopo: likatoka shina peke yake. Nikaandika git tag ili nione lebo: ikatoka rasimu-1 peke yake. Nikarudi rasimu-1 kwa mikono inayotetemeka. Ilikuwa rasimu ileile ya kabla ya wino mwekundu, haijaguswa hata nukta. Hapo akili iligoma kabisa. Mimi niliandika nikiwa juu ya rasimu-1, kwa macho yangu, jioni tatu. Imekuwaje isiwe na hata neno moja nililoandika?

Masahihisho yangeweza kurudiwa, maana karatasi za Mwalimu nilikuwa nazo. Lakini shairi? Nilijaribu kulikumbuka. Kibwagizo kilinijia, nacho ni mishororo miwili. Beti saba zina mishororo 28. Hesabu mwenyewe kilichobaki. Mwenye shairi hakuwa na simu niliyoijua, na hata kama angekuwa nayo, ningemwambia nini? Nilimwahidi mimi, kwa kinywa changu, kwamba hakipotei kitu.

Katibu alikuja akanisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari. "Hii kitu imeharibika. Futa folda yote, tuvute nakala safi kutoka kwa mashine ya mwalimu. Ni dakika mbili tu." Nami kwa kuchanganyikiwa nilikuwa nimekwisha kuichagua ile folda, kidole ki juu ya kitufe. Ningesema nilisita kwa busara ningekuwa mwongo. Nilisita kwa sababu mlango ulifunguliwa na mwalimu wa tarakilishi akaingia kutafuta waya wake wa simu.

"Msifute chochote," akasema kabla hata hajauliza. Kisha: "Uliandikia wapi?"

"Kwenye rasimu-1, Mwalimu."

"Kwenye lebo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alicheka kidogo, si kwa dharau, akavuta kiti. Akaifungua folda iliyofichwa iitwayo .git, akaingia ndani, mahali majina ya matawi yanapowekwa. Palikuwa na faili moja tu, jina lake shina. Akaifungua. Mstari mmoja. Herufi na tarakimu 40, basi.

"Tawi ndilo hili," akasema.

"Lote, Mwalimu?"

"Lote. Kurasa zenu zimo kwenye komiti. Hili ni jina tu, linasema, komiti yangu ya mwisho ni ile pale. Ukitaka za nyuma, shika mkono wa mzazi wake, kisha wa babu yake." Akafungua mahali pa lebo. Palikuwa na faili rasimu-1, nayo ina mstari mmoja wa herufi na tarakimu 40. Niliangalia moja, nikaangalia nyingine. Kwa umbo hazikuwa na tofauti yoyote. Mwembe wangu ulianguka pale pale, na majani yake.

"Sasa tofauti iko wapi?" akauliza katibu, maana mimi sauti ilikuwa imenikauka.

"Mmewahi kusafiri kwa matatu. Lebo ni jiwe la kilomita kando ya barabara. Limeandikwa, limesimikwa, halitoki hapo. Tawi ni utingo. Yeye ananing'inia mlangoni. Gari likienda kilomita moja, naye amekwenda kilomita moja. Ukiwa kwenye tawi ukapiga komiti, jina la tawi linasogea lenyewe hadi komiti mpya. Ukiwa kwenye lebo, lebo haisogei, hiyo ndiyo kazi yake. Sasa huyu mhariri wenu alishuka kwenye jiwe la kilomita akaingia porini kwa miguu. Akaenda hatua moja, mbili, hadi tano. Hapakuwa na utingo wa kujua yuko wapi. Halafu akarudi stendi akapanda gari la shina, akashangaa mbona hakuna anayejua alikokuwa."

Git ina alama ya kuonyesha ulipo, nayo huitwa kichwa. Siku za kawaida kichwa huelekea tawi. Changu kilikuwa kimeelekea komiti moja kwa moja bila tawi lolote, na hali hiyo wenyewe huiita kichwa kilichobanduka. Nilijihisi vivyo hivyo.

Mwalimu alitupa kisa kimoja ambacho ningali nakitafakari. Alipokuwa chuoni walitumia programu iitwayo Subversion. Humo tawi ni nakala ya folda, na lebo vilevile ni nakala ya folda. Kinachokuzuia kuandika ndani ya lebo ni adabu yako tu na makubaliano ya wenzako. Humo, kosa langu lingeyahifadhi maandishi lakini lingeichafua rasimu-1, na hakuna ambaye angejua tena ni kitu gani hasa Mlezi alikisahihisha. Git ilifanya kinyume. Iliilinda lebo, ikaniacha mimi nitangetange.

"Lakini nyayo zipo," akasema. Akaandika git reflog.

Msomaji, sijui nikuelezeje. Ilitoka orodha ya kila mahali kichwa changu kilipokanyaga, mstari mmoja kwa kila hatua, na mwanzoni mwa kila mstari herufi saba za kwanza za kitambulisho cha komiti. Wa juu kabisa: nimeingia rasimu-1, Jumamosi hii. Chini yake: nimeingia shina, jana. Chini zaidi zikajipanga komiti zangu tano, kila moja na ujumbe niliouandika mwenyewe. Ya tatu ilisema, "Shairi la nyanya, beti 7."

Mwalimu hakunigusia kibodi. Alinifanya niandike mimi: git branch nyayo, kisha herufi saba za ile komiti ya mwisho. Nikabonyeza. Hakuna kilichonakiliwa wala kilichofufuliwa. Iliandikwa faili moja yenye mstari mmoja, na kwa hilo tu komiti tano zilizokuwa yatima zikawa na jina la kuzishika. Nikaingia kwenye tawi la nyayo, nikafungua ukurasa. Nyanya alikuwa anapalilia mihogo. Nilizihesabu beti kwa kidole, kama mtoto wa chekechea, moja hadi saba.

Katibu akauliza swali ambalo lilikuwa likinichoma mimi. "Je, Mwalimu, tungefuta ile folda tukavuta upya?"

"Hilo daftari la nyayo ni la mashine hii peke yake. Haliendi mahali pengine. Mngevuta historia yote ya shina, pamoja na daftari jipya tupu." Akaongeza kwamba hata hapo lilipo si la milele. Isipoagizwa vinginevyo, Git huziacha nyayo za komiti zisizofikiwa na jina lolote kwa siku 30, kisha huwa tayari kuzifagia, na baadaye hufagia komiti zenyewe. Nami nilijua habari za kufagia. Katibu alitia mikono mfukoni, na kwa muda wa dakika nzima hakutoa shauri lolote, jambo lisilo la kawaida.

Baadaye nilirudia kuzisoma zile aya mbili za Kiingereza. Ya kwanza ilikuwa imenionya kwamba niko kwenye kichwa kilichobanduka. Ya pili ilikuwa imesema waziwazi kwamba naacha komiti 5 nyuma yangu ambazo hazijafungwa kwenye tawi lolote, ikanipa kitambulisho, ikaniandikia hata amri ya kuzipa jina. Kila kitu alichonifanyia Mwalimu kilikuwa kimeandikwa pale, Ijumaa jioni, kikinisubiri. Chapati zenyewe zilikuwa mbili. Tangu siku hiyo maabara yetu hutumia git switch, amri iliyoongezwa mwaka wa 2019, ambayo hukataa kabisa kukupeleka kwenye lebo mpaka useme kwa maandishi kwamba unataka kichwa chako kibanduke.

Kuunganisha nyayo na shina hakukuwa na taabu kubwa. Kurasa mbili ziligongana, tukaamua kwa kupiga kura. Kisha tukaweka lebo ya kupeleka kwa mchapishaji, chapa-1. Hii tuliiweka ya aina nzito zaidi, ile inayotunza jina la aliyeipachika, tarehe na ujumbe. Katibu alipokwenda kuitafuta kwenye mashine nyingine hakuiona, akaanza kelele zake. Kumbe Git inapotuma tawi haibebi lebo yenyewe mpaka uiambie. Tukaiambia, ikaenda.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikilipitia jarida kitandani kwa tochi, nikaona jina la mtunzi wa shairi. Jina lake lina "dh". Mimi nilikuwa nimeandika "z".

"Sahihisha, halafu ihamishe chapa-1 kwa nguvu iende kwa komiti mpya," katibu akaniambia. "Git inakubali. Nani atajua?" Ni kweli inakubali. Sitaficha, nilikuwa karibu kuifanya, kwa sababu nilioneka mzembe vya kutosha muhula ule. Lakini tulikuwa ofisini kwa Mlezi, naye alikuwa akitusikiliza huku anasahihisha madaftari. Mlezi hajui Git hata kidogo.

"Mchapishaji amekwisha kupewa hiyo chapa-1?" akauliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mwalimu wa tarakilishi anayo?"

"Anayo."

"Sasa mkiihamisha, ya kwao itahama?"

Tukatazamana. Haitahama. Aliyekwisha kuichukua lebo ya zamani habadilishiwi kimyakimya.

"Basi hivyo ni vitabu viwili vyenye jina moja," akasema. "Mmenirudisha kwa wallahi."

Tukaweka chapa-2. Mlezi mwenyewe alimpigia mchapishaji simu. Kwa bahati mashine zilikuwa hazijaanza kunguruma. Chapa-1 ingalimo ghalani na "z" yake. Tawi la nyayo tulilifuta juma hilohilo, kwa kuwa komiti zake zote sasa zimeshikwa na shina, na mara hii nililifuta bila mapigo ya moyo kubadilika.

Nakala moja ya jarida iliwekwa kando kwa ajili ya mtunzi, ndani ya bahasha ya kaki, jina lake limeandikwa juu kwa "dh". Iko kwenye kabati la Mlezi, rafu ya pili. Kabla ya kuandika haya nilikwenda kuchungulia. Bado haijachukuliwa.